Namna ya Kumhesabu Mtu Aliyebeba Nyasi

Kijana uliyepangiwa ofisi ya barabara huku Karagwe au Kyerwa, siku ya kwanza utapewa fulana ya njano inayong'aa, ubao wa kuandikia wenye kibanio, na fomu ya kuhesabu watu wanaovuka barabara kwa miguu. Fulana iache kwenye gari. Watu wakiiona wanavuka vingine. Waliozoea kukimbia wanatembea, waliozoea kukatiza kwenye kona wanazunguka, na bodaboda wanakumbuka kuvaa kofia ngumu. Utarudi ofisini na hesabu ya kijiji ambacho hakipo.

Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu. Mimi ni mwanamke fundi sanifu, si mhandisi, lakini huku kila anayeshuka kwenye gari la barabara anaitwa Injinia, na baada ya miaka michache niliacha kubisha. Nimezaliwa Muleba, kwa hiyo Kihaya changu na Kinyambo cha wenyeji vinasikilizana. Wengi wenu mnanipigia simu mkiuliza swali lilelile: sehemu zinazoomba kivuko ni nyingi, vifaa vilivyopo vinatosha sehemu moja, tuanzie wapi? Jibu fupi sina. Nina habari ya kona moja na kosa nililolifanya hapo, pamoja na makosa madogo ya mahali pengine, ambayo nitayataja kwanza kwa sababu yanachekesha zaidi.

Kivuko changu cha kwanza nilikichora mbele ya kilabu cha pombe ya ndizi. Sababu zilikuwa za kitaalamu kabisa. Mahali ni tambarare, mtaro umefunikwa, dereva anaona mbali pande zote mbili. Nilipima kwa kamba, genge likapiga rangi, nikapiga picha ya kuambatisha kwenye ripoti. Baada ya wiki moja nilikwenda kutazama. Waliokuwa wanakitumia ni walevi na mbuzi wa mwenye kilabu. Wanawake waliotoka kisimani, ambao ndio niliowakusudia, waliendelea kukatiza hatua kama hamsini juu yake, penye ukingo mrefu na majani.

Nilimsimamisha mmoja wao. "Mama, kivuko kile pale. Mbona hukipiti?"

"Baba mkwe wangu anakunywa pale," akasema.

"Sasa?"

"Sasa nipite mbele yake nisimsalimie? Na nikimpigia goti na ndoo hii kichwani, maji yatabaki?"

Wenzake walicheka mpaka wakashika ndoo zao kwa mikono miwili. Nami nilicheka. Masika ndiyo yaliyomaliza ubishi. Udongo mwekundu wa njia ya pembeni ulishuka ukafunika mistari yote, na Mzee Kaijage akatangaza mbele ya genge kwamba pundamilia wangu amegeuka ng'ombe mwekundu wa Karagwe.

Mzee Kaijage alikuwa msimamizi wa genge letu la matengenezo. Shule aliiacha mapema, lakini barabara za wilaya hizi mbili alizijua tangu zikiwa njia za udongo. Alinipeleka mahali wale wanawake walipokuwa wanavukia, akaniambia nisitazame lami, nitazame ukingo. Niliona majani yaliyolala, udongo uliokanyagwa mpaka ukang'aa, na upande wa pili ngazi ndogo tatu zilizochimbwa kwa jembe ili mguu upate pa kushika.

"Kivuko kipo tayari, mwanangu," akasema. "Kazi yako ni kukifanya kisiue."

Tangu siku hiyo sikuchagua tena mahali pa kivuko. Nilitafuta kilipo. Ukifika mahali, achana kwanza na vifaa, tembea kando ya mtaro ukitazama chini. Jiwe lililolainika kwa kukaliwa lina maana kwamba watu husubiri hapo muda mrefu, na anayesubiri muda mrefu ndiye anayechoka akajirusha. Mahali penye viatu vya plastiki vilivyokatika kwenye mtaro, watu hukimbia. Alama nyeusi za tairi kwenye lami hazihitaji maelezo yangu. Ukishaona hayo, tafuta pa kunywa chai karibu, kaa saa nzima bila kuandika. Utasikia majina ya waliogongwa kabla hujauliza.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye fomu ni hili. Lami ilipofika, sote tulisherehekea, na tulikuwa na haki. Lakini iliondoka na vitu viwili ambavyo hakuna aliyeviorodhesha, vumbi na kelele. Zamani gari likiwa bado kilima cha pili ulishaona wingu lake, na likikaribia ulisikia kokoto zikigonga bodi. Watu walivuka kwa kutazama vumbi na kwa kusikiliza. Juu ya lami gari linatokea tu. Na bodaboda wetu wana desturi yao. Kwenye mteremko wanazima injini ili kubana mafuta. Pikipiki yenye mikungu mitatu ya ndizi ikishuka kwa kasi huku imezimwa, kinachosikika ni upepo, na hata huo huusikii mpaka imeshapita.

Kona ninayotaka kuwaeleza, wenyeji wanaiita Mikaratusini. Iko kwenye barabara inayotoka Kayanga kuelekea Kyerwa. Upande wa juu kuna nyumba na vibanja, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Upande wa chini kuna rweya, uwanda wa nyasi. Kibanja hakistawi bila nyasi. Lazima udongo ufunikwe kwa nyasi kavu ili unyevu usiondoke. Kwa hiyo kutwa nzima nyasi zinapanda kutoka rweya kwenda vibanjani, zikiwa vichwani mwa wanawake. Wengi wao ni vibarua wa familia zenye asili ya Burundi na Rwanda. Katikati ya safari yao kuna lami, kona, na mteremko.

Mwaka ule tulikuwa na vifaa vya tuta moja la kuvukia, lile pana lililoinuka, lenye mistari myeupe juu. Sehemu zilizoombwa zilianzia Kayanga mjini mpaka Songambele. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila sehemu ihesabiwe siku moja, namba zipangwe kutoka kubwa kwenda ndogo, ya juu ipate tuta.

Gari la ofisi nililipata siku ya Alhamisi. Nilifika Mikaratusini asubuhi, nikakaa kwenye gogo, fulana nikiwa nimeiacha kwa dereva. Palikuwa kimya. Walipita wanafunzi wachache, mtu mwenye baiskeli, na mzee mmoja mwenye fimbo. Mzee alisimama, akanitazama, akautazama ubao wangu.

"Leo hakuna jembe, Injinia," akasema. "Tumefiwa."

"Poleni sana, mzee."

"Asante. Tunazika kesho."

Mimi ni mtu wa Kagera. Hakuna aliyehitaji kunieleza maana ya maneno hayo. Mtu akifa, majirani hawashiki jembe wala mundu mpaka azikwe. Rweya yote inalala. Kwetu Muleba ni hivyo hivyo. Nilijua kabisa kwamba nahesabu siku isiyofanana na siku nyingine yoyote ya mahali pale. Lakini gari lilikuwa langu Alhamisi ile tu, kwa kuwa Ijumaa lilipangiwa kwenda Bugomora kwenye kalavati lililobomoka. Nilikaa mpaka jioni, nikajumlisha, nikasaini. Chini ya fomu kuna nafasi ya maelezo. Niliiacha tupu, kwa sababu nikiandika ukweli ningeambiwa nirudie.

Namba yangu haikuwa ya uongo. Waliovuka ndio niliowaandika, hata mmoja sikumwongeza wala kumpunguza. Kosa la aina hiyo halina wa kuligundua ofisini. Kwenye kikao orodha ilipangwa, stendi ya Kayanga ikawa ya kwanza, Mikaratusini ikawa ya mwisho, na mkuu wetu wa ofisi akaisaini.

Wiki mbili baadaye, siku ya soko, mwanamke mmoja aliingia ofisini kwetu Kayanga. Alivua ndala mlangoni, ingawa sakafu yetu haikustahili heshima hiyo. Alikuwa mwembamba, shingo yake imekomaa kama ya watu wanaobeba, na nywele zake zina vipande vidogo vya majani makavu. Jina lake Leokadia. Alikuwa kibarua wa nyasi.

"Nani alikuja kutuhesabu Mikaratusini?" akauliza.

Karani alininyooshea kidole upesi kuliko nilivyopenda.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Nitasimama. Mtendaji wa kijiji ametusomea kwamba sisi ni wa mwisho. Eti hatuvuki."

"Siyo kwamba hamvuki. Namba ilikuwa ndogo."

"Ulitukuta msibani."

Nilisogeza karatasi mezani.

"Ulitukuta msibani. Sasa uliyemhesabu nani? Mbuzi?"

Karani aliinama kutafuta kitu chini ya meza, akakitafuta kwa muda mrefu. Leokadia hakucheka. Alishika sikio lake la kushoto akalivuta kidogo, kama mtu anayeonyesha mfuko uliotoboka.

"Hili halisikii tangu nikiwa mtoto. Nikipanda na nyasi kutoka rweya, ndilo linaloelekea mlimani, huko wanakoshukia bodaboda. Miaka yote nimevuka na mwenzangu Verediana. Yeye anatangulia, anasikiliza, kukiwa shwari ananiambia, 'Pita!' nami napita. Sasa mama yake anaumwa, amekwenda Bugomora kumuuguza. Harudi msimu huu. Mimi navuka kwa kubahatisha."

"Huwezi kusimama ukageuka kutazama?"

Alinitazama kama ninavyowatazama ninyi mnaponiuliza kama lami inaweza kumwagwa mvua ikinyesha.

"Injinia umewahi kubeba nyasi?"

"Nimebeba maji tangu nikiwa mdogo."

"Maji yanakuachia macho. Njoo ubebe nyasi."

"Na ukipumzika kwanza, mpaka Verediana arudi?"

"Watoto wanne nyumbani. Niwape nyasi wale?"

Akavaa ndala zake akaondoka. Nilikuwa na kazi nyingine mezani siku ile, na niliimaliza yote, lakini ile fomu niliitoa kwenye jalada nikaiweka mbele yangu.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwa nauli yangu mwenyewe. Mzee Kaijage wakati huo alikuwa ameshastaafu, lakini nilipompitia alichukua kofia yake bila kuuliza tunakwenda wapi. Nadhani nyumbani walikuwa wamechoka kumsikia akisimulia makalavati. Tulimkuta Leokadia chini kwenye rweya, mundu mkononi, akikata. Wenzake kama sita walikuwa karibu. Aliwaambia kwa Kinyambo kwamba huyu ndiye aliyehesabu mbuzi, na nilielewa kila neno.

Alinifungia mzigo mdogo, wa mtoto, kama alivyouita. Alinisokotea ngata ya majani ya mgomba, wakanitwika. Vijana, sikilizeni vizuri, kwa sababu hiki ni kipimo ambacho hamtakikuta chuoni. Mzigo wa nyasi si mzito sana, lakini ni mrefu. Unaning'inia mbele mpaka kwenye nyusi na nyuma mpaka mabegani. Unaona hatua tatu za ardhi iliyo mbele yako, basi. Ukitaka kutazama kushoto, shingo haigeuki. Lazima ugeuze mwili mzima, na ukigeuza mwili mzima ukiwa ukingoni mwa mtaro, nyasi zinakuvuta. Masikio nayo yanajaa mchakacho wa majani makavu. Sisi mezani tunapima umbali wa kuona tukidhani kwamba mvukaji anageuza kichwa. Mvukaji wa Mikaratusini hana kichwa cha kugeuza, amekikodisha kwa nyasi.

Nilipanda kilima nikihema, wanawake nyuma yangu wakinipa moyo kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilifika ukingoni, nikasimama, nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikatoa mguu.

Mkono ulinishika gauni kwa nyuma ukanivuta, nikaanguka kitako na nyasi zikanifunika. Kilichopita mbele yangu sikukiona. Nilisikia upepo, kisha breki mbali huko chini. Nilipotoa kichwa kwenye nyasi, Leokadia alikuwa bado ameshika upindo wa gauni langu. Mzee Kaijage alikuwa amesimama na kofia mkononi.

Mwenye pikipiki alirudi juu akiisukuma. Alikuwa kijana mpole, mikungu ya ndizi nyuma yake, uso umempauka.

"Samahani, mama. Sikukuona. Niliona nyasi tu."

"Mbona umezima injini?"

Alionekana kushangaa swali. "Mama, mteremko hauuzwi."

"Na honi?"

"Injini ikizimwa honi yangu hailii vizuri."

"Unapita hapa mara ngapi kwa siku?"

"Inategemea ndizi."

Sikumgombeza. Yeye alikuwa anabana mafuta kama mimi nilivyobana siku ya gari. Nilimwandika jina, nikaandika saa, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwenye kona ile kuandika mtu aliyekoswa. Fomu yetu ilikuwa na safu ya waliokufa na safu ya waliojeruhiwa. Ya waliokoswa niliichora kwa rula.

Tulikaa mpaka alasiri. Kitu kimoja kilinisumbua, nikamuuliza Leokadia, "Mwenzako yuko Bugomora. Sasa mzigo nani anakutwika?"

"Najitwika."

"Peke yako? Mzigo huo?"

Alinipeleka pembezoni mwa rweya kwenye mti wenye panda, na panda ile iko sawa na paji lake la uso. Alisukumia mzigo pale, akaingiza kichwa chini yake, akanyoosha magoti, akaondoka nao. Akarudi, akakunja magoti kidogo, mzigo ukabaki kwenye panda, yeye akasimama huru, akanigeuzia uso na shingo yake yote.

Mzee Kaijage alikuwa ameshatoa kamba yake ya kupimia. Alipima kutoka ardhini mpaka kwenye panda, akanitajia kipimo, akaongeza, "Andika, kabla hujakisahau."

Jumatatu niliingia kwa mkuu wetu wa ofisi. Alikuwa mtu mtulivu, mdogo kwangu kwa umri, na alisoma barua yangu mpaka mwisho.

"Uliambiwa kuna msiba?"

"Niliambiwa."

"Na hukuandika."

"Gari lilikuwa la siku moja."

Aliiweka barua mezani. "Orodha imeshapelekwa mkoani, Injinia. Tuta ni la stendi. Siwezi kulirudisha."

"Stendi magari yanatambaa, mzee. Watu ni wengi mpaka wao wenyewe ndio tuta. Pale mtu atakanyagwa kidole. Mikaratusini atakufa, na namjua jina."

"Nimekuelewa. Lakini siwezi kulirudisha. Unataka nini kinachowezekana?"

Nilimwambia nataka rasta, ile mistari ya lami iliyoinuka kidogo inayotikisa gari, tuiweke upande wa mlimani kabla ya kona kwa kutumia mabaki ya lami ya kuziba mashimo. Nataka pia kukata majani ya ukingo. Na nataka chanja mbili za miti, moja kila upande, urefu wa paji la uso, mita kadhaa nje ya bega la barabara.

"Chanja?"

"Ya kutulia mizigo. Mtu afike, aweke nyasi, ageuze shingo atazame juu na chini, ajitwike tena, avuke."

"Kwenye mwongozo hakuna kitu kinachoitwa chanja."

"Ni kweli. Hata nyasi hazimo."

Aliandika pembeni ya barua yangu kwamba anaruhusu kwa majaribio, na akaongeza sharti kwamba Mikaratusini ihesabiwe upya, siku tatu tofauti, na jina langu libaki kwenye barua ya kueleza kosa. Limebaki. Likitafutwa kwenye majalada litaonekana, na sijawahi kuomba liondolewe. Hesabu mpya iliipandisha Mikaratusini mpaka juu, na tuta lake lilijengwa katika orodha iliyofuata. Lakini kati ya barua na tuta kulikuwa na msimu mzima wa kubeba nyasi, na Leokadia hakuwa na namna ya kuungoja kando.

Nikirudi kwenye swali lenu la kuanzia wapi, mimi naanza hivi. Nauliza kasi kabla ya wingi wa watu, kwa sababu umati hupunguza mwendo wa magari wenyewe, na mtu mmoja kwenye kona hapunguzi kitu. Nauliza mvukaji amebeba nini, na kilicho kichwani mwake kinamwachia macho au masikio, au hakimwachii hata kimoja. Nauliza anakwenda wapi na kama anaweza kutokwenda. Anayekwenda kununua vocha anaweza kuahirisha. Anayekwenda kwenye maji, kwenye nyasi au zahanati hawezi. Nahesabu siku ya soko, siku ya kawaida na siku ya mvua, na nikikuta msiba natoa pole, nafunga ubao, narudi siku nyingine hata kama ni kwa miguu. Halafu naangalia ni nini kinaweza kufanyika wiki hii bila kusubiri zege, ili vifaa vya tuta moja visiwe sababu ya sehemu nyingine zote kukosa hata kufyekewa majani. Na kama namba zangu zinaniambia jambo moja na watu wa pale wanacheka, naamini kicheko kwanza.

Chanja zilijengwa na wanakijiji kwa miti ya pale pale. Mwenyekiti wa kitongoji alitoa nguzo, vijana wakachimba mashimo, na wanawake wakabishana kuhusu urefu mpaka wakakubaliana juu ya vimo viwili, kimoja cha warefu na kimoja cha wafupi. Rasta tuliziweka siku iliyofuata. Bodaboda wa kwanza kuzipita alipiga kelele kwamba tumemwaga ndizi zake, na hilo halikuwa kweli. Ilianguka ndizi moja, na akairudia.

Leokadia alipanda kutoka rweya kabla ya saa nne. Mimi nilikuwa upande wa pili, Mzee Kaijage akiwa ameketi ukingoni. Alifika kwenye chanja, akakunja magoti, mzigo ukakaa. Akatoka chini yake, akafuta uso kwa kanga, akageuka kuelekea mlimani. Miaka yote aliyobeba nyasi, nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutazama barabara ile kutoka mahali pale akiwa na shingo huru.

Pikipiki ilishuka imezimwa, ikagonga rasta, ikapunguza mwendo, ikapita. Ikaja nyingine, yenye magunia. Kisha lori. Kisha pikipiki mbili zikifuatana, zote kimya. Hakuchukua mzigo wake. Njia ilikuwa nyeupe mara mbili, tatu, na hakuvuka. Nilidhani chanja imekosewa kipimo, nikavuka kwenda kumuuliza.

Alikuwa ameshika nguzo kwa mkono mmoja.

"Vipi, mama? Haifai?"

"Inafaa," akasema, macho yakiwa bado mlimani. "Injinia, kumbe ni wengi hivi?"

"Wengi nini?"

"Hao. Walionikosa."

Nilisimama naye pale mpaka lori jingine lilipopita. Kisha akatazama juu, akatazama chini, akaingiza kichwa chini ya nyasi, akavuka.